Sahani ya Msafiri

Wanaoijua nchi ya Shwari hawahitaji kusimuliwa habari zake, na wasioijua wasijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake iko Wizarani na haitolewi bila kibali. Ni nchi nzuri. Ina mlima mmoja, mto mmoja uitwao Lwita, na amani nyingi kiasi kwamba ya ziada huhifadhiwa ghalani chini ya ulinzi wa jeshi. Katika vitabu vyetu vya historia vya shule za msingi, sura ya vita ina ukurasa mmoja, na ukurasa huo una picha ya twiga. Sisi wananchi tunamfahamu twiga huyo vizuri sana.

Katika nchi hiyo aliishi Ludoviko Mbarazi, mtumishi wa umma, ambaye kazi yake ilikuwa kulia.

Isidhaniwe kwamba alikuwa na matatizo. Alilia kwa barua ya ajira. Cheo chake kamili kilikuwa Mwombolezaji Mkuu wa Serikali, Idara ya Rambirambi za Nje, Wizara ya Utulivu. Idara ya Rambirambi za Ndani haikuwepo, maana ndani ya Shwari halijawahi kutokea jambo la kulilia. Lakini majirani zetu, maskini, wamepigana, wamechinjana, wamechomeana nyumba usingizini, na baadaye wamejenga minara na makumbusho ya waliokufa. Siku hizi mheshimiwa akisafiri kwenda kwao, kabla hajapewa chakula cha mchana hupelekwa kwanza mnarani akainamishe kichwa. Mawaziri wetu ni watu wenye afya njema na hawakujaliwa machozi, na hapo ndipo Ludoviko alipohitajika. Alisimama hatua moja nyuma ya waziri, akalia kwa niaba ya taifa.

Kazi ilikuwa na ufundi wake. Alikuwa na kitambaa cheupe kilichopakwa dawa ya kuchua upande mmoja tu, na ole wake akosee upande. Jicho la kushoto alilitanguliza, kwa kuwa wapiga picha walipangiwa kusimama kushoto. Alijua kulia bila kamasi. Alikuwa akijisifu, tena mbele ya watu, kwamba hakuna mnara wa mauaji kuanzia milimani mpaka pwani ambao hajaulilia, na kwamba ipo mingine aliyoililia mara mbili kwa sababu betri ya kamera iliishiwa.

Shada la maua nalo lilikuwa lake kulitunza. Lilikuwa la plastiki, waridi jeupe na utepe wa rangi za bendera, na nyuma lilikuwa na muhuri: MALI YA SERIKALI. Waziri aliliweka kaburini kwa taadhima, watu wakanyamaza, kamera zikazimwa, halafu Ludoviko akarudi nyuma kama mtu aliyesahau miwani yake, akalichukua. Taratibu za ghala haziruhusu mali ya serikali kulala nje ya nchi. Shada hilo moja lilikuwa limeomboleza mataifa kadhaa na bado halijapauka.

Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba mtu huanza kuwa mjuzi. Ludoviko alifikia kuipima minara kama wengine wanavyopima hoteli. "Ule una maegesho mazuri," aliwahi kumwambia mwenzake wakinywa chai ofisini, "ila mafuvu ni machache." Mwenzake akaitikia kwa kichwa na kumsogezea sukari. Na kwa kuwa kila mnara una duka dogo pembeni, na kila duka lina vikombe, kabati la sebuleni kwa Ludoviko lilijaa vikombe vilivyoandikwa KAMWE ISITOKEE TENA, vya buluu, vya kijani, na kimoja chenye mshikio wa umbo la njiwa. Mama yake alikipenda kile kikubwa cha buluu, kwa sababu kilibeba chai ya kutosha.

*

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwa kweli halipo.

Kulikuwa na mwaka mmoja tunaouita Mwaka wa Mvua Nyingi, kwa sababu hatukuruhusiwa kuuita vingine. Mwaka huo watu wengi wa mkoa wa Mtoni, wale wanaotamka maneno kwa kuyavuta, walisafiri. Walisafiri ghafla, wengine wakiwa na nguo za kulalia, wengine bila viatu. Malori ya serikali yaliwasaidia. Tangu hapo hawajaandika barua. Serikali yetu sikivu, kwa kuwaonea huruma jamaa waliobaki, ikapitisha Sheria ya Wasafiri, isemayo kwamba msafiri ni mtu hai ambaye hajarudi, na kwamba yeyote atakayemwekea msafiri matanga atakuwa ametoa taarifa za uongo kuhusu usafiri.

Badala ya matanga, sheria ilitoa sahani. Kila Jumapili mchana, nyumba yenye msafiri humwekea mezani sahani yake ya chakula, na balozi wa nyumba kumi hupita mlango kwa mlango kuhakikisha kwamba imewekwa na imejaa. Nyumba isiyoweka sahani hushukiwa kuwa imepata habari.

Nyumbani kwa Ludoviko sahani ilikuwa ya kaka yake, Fortunati, fundi baiskeli. Fortunati alikuwa mwimbaji mbaya mwenye sauti kubwa, na ndiye aliyempakia Ludoviko kwenye baiskeli kumpeleka shule, akiimba njia nzima mpaka mdogo mtu akajifunika uso kwa daftari. Mwaka wa Mvua Nyingi ulimkuta Ludoviko mjini chuoni, ambako alikuwa amekwisha kujifunza kutamka maneno bila kuyavuta. Ulimkuta Fortunati nyumbani Mtoni, akiziba pancha.

Mama yao, Bibi Skolastika, alikuwa na miguu mibovu na akili timamu. Hakuwahi kuuliza kama Fortunati yu hai. Swali hilo aliliachia serikali. Yeye alikuwa na lake, na alilitoa kila Jumapili jioni wakati wa kuondoa sahani.

"Ludo, mwanangu. Nani alimwosha?"

Na Ludoviko alijibu kama Idara ilivyoelekeza watumishi wake wajibu wakiulizwa.

"Mama, msafiri hujiosha mwenyewe."

Mama alimtazama kidogo, kisha akaenda kuwamwagia kuku kile chakula. Ludoviko aliona haya kila mara. Haya ilimkaa kifuani mpaka Jumatatu asubuhi, akaiacha nyumbani na kwenda kazini.

*

Basi ikaja barua kutoka nchi ya Ng'ambo, iliyo upande wa chini wa mto, kutualika kwenye siku ya kuwakumbuka waliouawa, katika kijiji cha Bukwimbi.

Watu wa nchi nyingine wangeuliza: waliouawa ni akina nani, na nani aliwaua? Kwetu swali kama hilo lina taratibu zake. Kulijibu kungehitaji jalada la mwaka husika, jalada la mwaka husika halipo, na kuomba jalada lisilopo ni kosa la nidhamu. Ofisa aliyeipokea barua aliona neno "waliouawa" akajua papo hapo kwamba halituhusu, kwani kwetu hakuna aliyeuawa. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Twende. Kuna chakula.

Msafara uliongozwa na Waziri wa Utulivu mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Gaudensi Tundwe, mtu mkubwa wa kimo na wa sauti, ambaye katika Mwaka wa Mvua Nyingi alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Mtoni na akatunukiwa nishani kwa kushughulikia usafiri. Aliivaa nishani hiyo siku hiyo. Ilipendeza na suti.

Walivuka daraja la Lwita asubuhi, Ludoviko kiti cha mbele, shada mapajani. Njiani Mheshimiwa aliuliza mnara wenyewe ukoje. Ludoviko, ambaye alikuwa ameona picha yake, akasema ni wa zege, mkubwa, ngazi zake si kali, na una kivuli baada ya saa sita.

"Mafuvu?" akauliza Mheshimiwa.

"Hayapo."

"Afadhali. Tutakula vizuri."

Mnara ulikuwa kama alivyousema, sanduku kubwa la zege kando ya mto, limepakwa chokaa. Mkuu wa wilaya wa kule, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwapokea akawapeleka mbele ya wanakijiji waliokuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Mheshimiwa akatoa hotuba. Hotuba ilikuwa ileile ya siku zote, ikibadilishwa jina la nchi tu, na kwa kweli sisi tuliokuwa tukimfuata kwenye redio tuliijua kwa moyo na bado tulisisimka.

"Ndugu zangu wa Ng'ambo," alisema. "Nasimama hapa na moyo mzito. Mzito kwelikweli, tumeubeba kwa gari kutoka Shwari. Tunalaani kwa nguvu zote waliotenda unyama huu. Tunasema wasakwe. Wasakwe maporini, wasakwe maofisini, wasakwe hata kwenye magari yenye bendera. Wasiachwe wakazeeka kwa raha na wajukuu zao. Na siku watakapopatikana, mimi binafsi nitakuwa wa kwanza kuwafunga pingu."

Wanakijiji walitazamana. Mmoja akapiga makofi mara moja, akaona yuko peke yake, akaficha mikono. Mkuu wa wilaya akarekebisha miwani.

"Tunashukuru, Mheshimiwa," akasema. "Ni maneno mazito, hasa yakitoka kwenu. Maana hawa hawakuwa watu wetu. Walikuja kwa maji."

"Kwa maji," akarudia Mheshimiwa.

"Kutoka juu. Kule." Akanyoosha mkono kufuata mto, na mwisho wa mkono wake lilionekana daraja, na juu ya daraja bendera yetu ikipepea vizuri. "Walikuja wiki nyingi, mvua zilipokuwa kubwa. Wengi walikuwa na nguo za kulalia. Sisi tuliwaopoa."

Mheshimiwa Dakta Tundwe aliutazama mto kwa muda wote ambao mtu mwenye cheo anatakiwa kuutazama.

"Mto huu una samaki?" akauliza.

"Wapo, Mheshimiwa. Lakini mwaka ule hatukula samaki."

"Hiyo ni hatua nzuri ya kutunza mazingira," akasema Mheshimiwa, na kumpa Ludoviko ishara ya shada.

Ludoviko alilitoa shada. Mpiga picha akachuchumaa kushoto. Ulikuwa wakati wake. Akaleta kitambaa usoni, upande wenye dawa, na dawa ikamwingia mpaka kwenye ubongo, lakini machozi hayakuja. Akakandamiza tena. Mpiga picha akamnong'oneza kwamba jua linapotea. Ludoviko alijua kabisa kinachotakiwa, kama mpishi ajuavyo chumvi, ila macho yake yalikuwa makavu na masikio yake yalikuwa yakisikia mtu akiimba vibaya juu ya baiskeli. Mwishowe mpiga picha alimpiga picha ya mgongo, na gazeti la serikali likaandika chini ya picha hiyo kwamba ofisa amezidiwa na uchungu hata hataki kuonekana.

*

Watu walipoelekea kwenye hema la chakula, Ludoviko alibaki nyuma, akalichukua shada kama kawaida, akalitia kwapani. Halafu tumbo likamkata. Mtu angependa kusimulia kwamba aliondoka kwenye msafara kwa sababu dhamiri ilimwita, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta choo.

Alishika njia ya kwanza kati ya nyumba, akabisha hodi kwenye ua wa mabua. Mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye upawa mkononi, akamwonyesha choo bila kumuuliza jina. Alipotoka, mwanamke yule alikuwa akimsubiri na kata ya maji ya kunawa.

"Nimekusikia ukibisha," akasema. "Umevuta maneno kama watu wa juu ya mto. Umekuja kwa mgeni?"

Ludoviko alishtuka. Hakujua kwamba alikuwa ameyavuta. Tumbo likimkata mtu, chuo chote humtoka.

"Mgeni gani, mama?"

"Mgeni wangu." Akaelekeza upawa kwenye pembe ya ua. Palikuwa na kaburi la udongo, limefagiliwa, limezungushiwa mawe ya mtoni, na kando yake pamewekwa kigoda na sahani iliyofunikwa kawa.

Mwanamke huyo aliitwa Mama Nyanzala, na alieleza mambo yake huku akikoroga chungu, kwa namna mtu anavyoeleza habari za ng'ombe wake. Mwaka ule, kila nyumba iliyomwopoa mtu ilimchukua kuwa mgeni wake. Ilimwosha, ikamkalia matanga, ikamzika uani kwake, kwa sababu mgeni huwezi kumlaza barabarani. Baadaye serikali ya Ng'ambo ilijenga lile sanduku la zege, ikawaomba wawahamishie humo wote pamoja. Kijiji kikakataa.

"Kwa hiyo mnarani hamna mtu?" akauliza Ludoviko.

"Mna zege," akasema Mama Nyanzala. "Wageni wako majumbani. Ila nyie wakubwa mkija hampendi kuingia kwenye nyua zetu, kuna matope, basi tunawapeleka pale."

Ludoviko alifikiri juu ya minara yote aliyoipima. Akaona aibu ikimpanda kama homa, na kwa mara ya kwanza haikumtoka haraka.

"Nilikuwa na kaka," akasema. Halikuwa jambo gumu kulisema. Lilikuwa halijasemwa tu. "Fortunati. Huyu wako, mama, alikuwaje?"

"Mwanamume. Kijana wa wakati ule. Zaidi ya hapo nisikudanganye, alikuwa amekaa majini."

"Meno? Kaka yangu alikuwa na pengo hapa mbele."

"Sikumfungua kinywa. Mtu akija kwako humkagui meno."

"Nilitaka kujua kama ni wetu."

Mama Nyanzala aliacha kukoroga.

"Mwanangu, jirani yangu huyu, mgeni wake ni binti. Kila mwaka humnunulia kanga. Hajawahi kuja mtu kumuulizia. Wangu mimi hajawahi kuja mtu kumuulizia. Leo umekuja wewe. Kama ni wako, ni wako. Kama si wako, peleka habari zake, mwenyewe atazisikia."

Ludoviko alisimama pale akiwa na shada kwapani, ofisa wa ngazi ya juu, asijue mikono yake aiweke wapi. Halafu akauliza swali ambalo alikuwa amelijibu kila Jumapili.

"Nani alimwosha?"

"Mume wangu, Masanyiwa, marehemu sasa. Mimi nilichemsha maji, nikayapoza yakawa ya vuguvugu, nikatia mchaichai. Masanyiwa alimwosha taratibu, akawa anamsemesha. Alimwambia, samahani baba, geuka kidogo. Nilimsikia."

Ludoviko akakaa chini. Mama Nyanzala akafunua kawa.

"Leo siku yao tunawapikia. Chakula cha mgeni huliwa na yeyote anayeingia. Ni maharage na viazi. Samaki hatuwapikii."

Akala. Alikula sahani yote, hata mchuzi akaufuta kwa kidole, na tumbo lililokuwa likimkata likatulia. Alipoinuka aliliweka shada juu ya kaburi. Mama Nyanzala akaligusa.

"La plastiki," akasema. "Vizuri. Mbuzi hawataligusa."

*

Garini, daraja likiwa limekwisha kuvukwa, Mheshimiwa aligeuka.

"Shada liko wapi?"

"Limebaki, Mheshimiwa."

"Limebaki wapi?"

"Kwa mgeni."

Mheshimiwa hakuuliza mgeni yupi. Aliifungua suti kifungo kimoja, akatazama dirishani, upande ambao hauna mto.

"Leo hukulia, Mbarazi."

"Nilishindwa."

"Kazi hii ukiiweka moyoni itakutoa roho. Mimi unaniona? Sijawahi kuiweka." Akafumba macho, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma kwa utulivu mkubwa, kama inavyofaa wizara yake.

*

Jumapili ikafika. Bibi Skolastika alipika wali na maharage, akapakua, akaweka sahani ya msafiri mahali pake. Ludoviko aliitazama. Kwa mujibu wa Sheria ya Wasafiri alikuwa na mambo mawili tu ya kufanya, kukaa na kunyamaza, na yote mawili alikuwa na uzoefu nayo.

"Mama," akasema. "Toa sahani hiyo. Fortunati ameshakula."

Mama alibaki na mwiko hewani.

"Amekula wapi?"

"Ng'ambo. Kwa mama mmoja anaitwa Nyanzala. Nimekula mimi kwa niaba yake."

Bibi Skolastika alikaa polepole, mkono kwenye goti bovu. Hakulia. Aliuliza swali lake, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani alimwosha?"

"Mume wa huyo mama. Aliitwa Masanyiwa. Huyo mama alichemsha maji, akayapoza, akatia mchaichai. Yalikuwa ya vuguvugu. Masanyiwa alikuwa anamwambia, samahani baba, geuka kidogo." Ludoviko akaitazama ile sahani. "Lakini mama, sina hakika kama alikuwa ni…"

"Umesema maji yalikuwa ya vuguvugu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi," akasema mama yake.

Akainuka, akaichukua ile sahani, akamwaga chakula, akaiosha, akaifuta, akaipanga kabatini na nyingine. Halafu akajifunga kanga kiunoni, akatoka mpaka uani, akalia. Alilia kwa sauti ambayo mtaa wetu ulikuwa umeisahau, ndefu, ya kuvutavuta, kama watu wa Mtoni walivyokuwa wakilia kabla ya mvua.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Mzee Fabiani, balozi wa nyumba kumi, na kofia yake ya kazi kichwani. Hakuja kwa ajili ya kilio. Ilikuwa saa yake ya kukagua sahani. Yeye mwenyewe nyumbani kwake alimwekea sahani binti yake, Selina, na alikuwa akijikagua kila Jumapili kabla ya kutoka.

"Sahani iko wapi?" akauliza.

"Imeoshwa," akasema Bibi Skolastika, akivuta pumzi.

"Kwa nini?"

"Msafiri wangu amefika."

Mzee Fabiani aliijua Sheria ya Wasafiri kipengele kwa kipengele. Ilikataza kumlilia msafiri ambaye hajarudi. Ilikataza kusema hatarudi. Ilikataza kuuliza atarudi lini. Kuhusu msafiri aliyefika haikusema kitu, kwa kuwa walioitunga walikuwa na uhakika kwamba hakuna atakayefika. Akageuka, akaondoka kwa haraka, na Ludoviko akajua anakwenda kuripoti. Lakini alirudi na mkeka kwapani, akautandika uani, akakaa.

Baada yake walikuja wengine, mikeka na vigoda, mtaa mzima. Vikombe havikutosha, ikabidi kabati la Ludoviko lifunguliwe. Basi ndivyo tulivyokaa matanga ya kwanza ya Shwari, watu wazima tumejiinamia, kila mmoja na chai yake ndani ya KAMWE ISITOKEE TENA.

Polisi walifika pia. Walisimama mlangoni, wakapiga simu makao makuu kuomba maelekezo, na makao makuu wakapata taabu. Kumkamata mtu kwa kulilia aliyekufa kungelazimu kuandika mahali fulani kwamba kuna aliyekufa. Simu ilikatwa, ikapigwa, ikakatwa. Mwishoni walikuja na hati ya kumshtaki Ludoviko Mbarazi kwa kupoteza shada moja, la plastiki, mali ya serikali, pamoja na taarifa kwamba ajira yake imekoma. Walimkabidhi kwa heshima, wakakubali chai.

Ludoviko alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Mzee Fabiani, macho makavu kama kokoto. Watu walikuwa wakimtupia jicho. Walikuwa wamemzoea.

"Bwana Mbarazi," akasema Mzee Fabiani, "kwenye televisheni unalia vizuri zaidi."

"Kule nilikuwa nalipwa, mzee."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee Fabiani alizungusha kikombe chake mikononi, chenye mshikio wa njiwa, akakisoma kama mara ya kwanza. Alipozungumza tena alizungumza chini, bila kumtazama.

"Huko kwa huyo mama. Nyumba za jirani nazo zina wageni?"

"Kila nyumba ina wake."

"Wasichana pia?"

"Jirani yake ana binti. Kila mwaka humnunulia kanga."

Mzee Fabiani akaweka kikombe chini. Akavua kofia ya ubalozi, akaipakata, akaanza kulia. Hakuwa na ufundi wowote. Alilia kwa macho yote mawili kwa pamoja, mdomo wazi, kamasi zikimchuruzika mpaka kidevuni. Ludoviko akatoa kitambaa chake cheupe, akamnyooshea, akakumbuka kwamba kina dawa. Akakirudisha mfukoni, akachomoa shati lake kwenye suruali, na kumpa pindo.